Injinia yuko chooni

Kuna watu wanaingia shamba na jembe, shemeji yangu yeye aliingia na simu.

Tulikuwa ndo tunaanza kuendeleza kieneo chetu huko porini, mteremko mtupu, ukimwaga maji mlangoni unayakuta bondeni kabla hujaweka ndoo chini, na mke wangu kashasema yeye anataka bustani ya ngazi ngazi yenye kuta za mawe. Mawe tunayo tena ya kumwaga, ukichimba shimo la kupanda mche mmoja unatoa ya kujengea msingi. Fundi tunaye, mzee mmoja mpole asiye na maneno mengi, kapanga mawe tangu sisi hatujazaliwa. Yaani kila kitu kilikuwa shwari mpaka shemeji, kaka yake mke wangu, akapiga simu kwamba amepata likizo na anakuja kusimamia.

Shemeji hajawahi kujenga hata banda la kuku ila video za ujenzi kazimaliza zote. Kafika tu, akatuweka kitako akatupa semina. Eti mnajua Wainka walijenga Machu Picchu karne ya 15, milimani kule Peru, na zile ngazi zao za mawe mpaka leo zimesimama na hakuna hata punje ya saruji? Mnajua Wakonso wa Ethiopia nao wana ngazi za mawe milima mizima, Unesco wakaziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2011? Na mnajua mwaka 2018 hao hao Unesco walitambua ufundi wenyewe wa kupanga mawe makavu? Mzee akasikiliza yote, ametulia, akauliza kitu kimoja tu: "Na hao, nyuma ya ukuta walimwaga nini?"

Shemeji akasema udongo, mzee wangu, si bustani hii, mboga zinaota kwenye udongo. Mzee akakohoa, akaenda zake kutafuta sururu.

Hapo ndo vita vikaanza. Kwa mzee jiwe unalilaza, urefu wake wote unaingia ndani ya ukuta, huku nje kinabaki kuonekana kichwa tu. Jiwe la kozi ya juu, yaani safu ya juu, linakalia kiungo cha mawili ya chini, kila baada ya hatua kadhaa unapitisha moja refu la kushika mbele na nyuma, na mapengo unasokomeza vijiwe mpaka ukilitikisa halichezi. Alafu ukuta hausimami wima, unauegemeza mlimani, kila ukipanda mita moja unarudi ndani kama sentimita 15 hivi, na upana wa chini usipungue nusu ya kimo. Nyuma yake kokoto, kuanzia chini mpaka karibu na juu, udongo ndo unafuata. Shemeji kwake huo ulikuwa ufujaji wa wazi wazi. Jiwe lina uso mzuri bapa unaenda kulifukia ndani, kwa faida ya nani? Yeye alitaka yasimamishwe kwa ubavu, uso nje, kama marumaru za sebuleni, na ukuta unyooke kwa timazi kwa sababu ukuta ulioegemea kwenye picha unaonekana umelewa.

Mzee akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mke wangu. Mke wangu akasema jamani, kaka ametoka mbali.

Basi ikabidi tugawe. Mzee ajenge upande wa tanki la maji, shemeji ajenge upande wa choo, na mimi niwe wa kusukuma toroli kwa wote wawili, cheo ambacho sikukiomba. Na usilione jiwe hivi hivi, jiwe la ujazo wa ndoo ya lita 20 linapita kilo 50, mgongo wangu unaijua hiyo hesabu kuliko kichwa changu. Upande wa mzee kozi zilikuwa zinapanda polepole kweli, analigeuza jiwe, analitazama, analirudisha, anachukua jingine, mpaka unataka umsaidie kuamua. Upande wa shemeji ukuta unapaa tu. Kokoto za mgao wake akasema zisipotee bure chini ya ardhi, akazimwaga zikawa kinjia cha kupita kwenye maua.

Ila tusiseme uongo, ulikuwa mzuri. Mke wangu alipiga picha akatuma ukoo mzima, shangazi akajibu kwamba ndo maana alisema huyu mtoto apelekwe shule. Shemeji akajaza udongo wa mfinyanzi nyuma mpaka juu, akaushindilia kwa miguu huku anaimba, akapanda miche. Ikaja mvua kidogo, rasharasha tu. Kesho yake mzee akapita pale, akauwekea ukuta kiganja katikati, akakiacha pale muda, kisha akasema, "Huu umeanza tumbo."

"Unajiweka sawa tu mzee," shemeji akajibu, "mawe yanatafuta nafasi zao."

Na kweli yalikuwa yanatafuta. Usiku mmoja ikashuka ile mvua ambayo hata mbwa anagonga mlango. Udongo wa mfinyanzi ukishakunywa maji hauyaachii, na yakikosa pa kutokea yanasukuma, na mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, hapo hujauweka udongo wenyewe kwenye mzani. Alfajiri, mvua imepungua kidogo, shemeji akachukua mwavuli na simu yake ya kumulikia akaenda msalani.

Kwanza tukasikia vijiwe vidogo, tak, tak tak, unaweza kusema kuna mtu anatembea juu ya bati. Kimya. Alafu ukaja mshindo mpaka vikombe vikagongana kabatini. Tukatoka mbio mimi na mke wangu, tunakuta ukuta haupo, umeshuka wote na udongo wake na miche yake mpaka kwenye mlango wa choo, kiunoni hivi, na juu kabisa ya kifusi mwavuli wa shemeji alioutundika nje. Mlango wenyewe unafungukia nje. Ndani ikasikika sauti, imetulia kabisa, "Dada? Nini hicho?"

Mke wangu akapiga kelele kaka uko mzima? Akasema mzima, ila mlango umegoma.

Mzee alipofika akasimama mbele ya kile kifusi, hana haraka yoyote. Akauliza nani yumo humo. Nikamwambia, injinia. Akavuta jiwe moja akakaa, akaongea kupitia kidirisha cha hewa kwa adabu zote, "Shikamoo ya asubuhi hii nitaipokea ukitoka, injinia. Ila kabla hatujaanza kutoa mawe, hebu niulizie kwenye hiyo simu yako, wale watu wako wa Peru nyuma ya ukuta walimwaga nini?"

"Mzee, nitoe kwanza."

"Tunatoa. Wewe soma."

Tukaanza kuchomoa jiwe moja moja na mtaimbo, huku ndani shemeji anasoma kwa sauti, mwanzoni kwa mbwembwe, Machu Picchu, karne ya 15, ngazi za kilimo, "chini ya udongo wa juu wa kupandia waliweka tabaka la mchanga... na changarawe... na chini yake mawe, ili maji ya mvua..." Akanyamaza.

"Ili maji ya mvua nini?" mzee akauliza.

"Mtandao umekata."

Mtandao mbovu nao una adabu zake. Tukaendelea na kazi, ila kusimamia hakuacha, kila tukivuta jiwe anachungulia kidirishani, hilo refu lisitupwe wekeni pembeni, hilo bapa taratibu lisije likakatika, mpaka mke wangu akamwambia kaka, ukitoa amri nyingine moja tunaenda kunywa chai.

Mlango ukaachia kidogo. Shemeji hana subira, akapitisha mguu, akapitisha bega, akajivuta, kitambi kikagoma, haendi mbele wala harudi nyuma. Mzee akaweka mtaimbo chini, akafuta mkono kwenye suruali, akamwekea kiganja pale pale kitambini, vile vile alivyouwekea ukuta, akakiacha pale.

"Na huku nako," akasema, "maji hayana pa kutokea?"

Mke wangu ndo alianza kucheka, mimi nikafuata, nikakaa kabisa kwenye tope, na shemeji mwenyewe alivyoanza kucheka pale mlangoni kitambi kikatikisika mpaka akachomoka kama alivyo, na komeo mkononi. Akatusalimia. Mzee akaitikia marahaba yake, akamkabidhi toroli na koleo, akamwonyesha kinjia cha maua.