Mama mwenye nyumba na cherehani yangu isiyo na kichwa

Mimi ni dereva wa Hiace hapa Mwanza, mwaka wa nane sasa, kwa hiyo binamu yangu aliponiambia ananitumia pedeli za ndege za kuchezea kwenye kompyuta nikacheka sana, nikamwambia mdogo wangu, pedeli? mimi? kwani asubuhi mpaka usiku huwa nakanyaga nini.

Mzigo ukaja na basi kutoka Dar umefungwa kwenye kiroba. Pale ofisi ya mizigo jamaa akapapasa nje ya kiroba akasema "hii pedeli ya cherehani bhana, lipia kama cherehani". Sikubishana. Ningejua ningebishana.

Sasa mimi nimepanga chumba kimoja huku Kirumba, sakafu ya tailizi, na kiti changu ni kile cha ofisi cha mtumba chenye magurudumu. Shikilia hapo hapo.

Usiku huo nikawasha, nikachagua kale kandege ka Cessna 172, nikajiweka uwanja wetu wenyewe wa Mwanza, pua inaangalia upande wa ziwani. Nikaweka moto. Ndege ikaanza kuvuta kushoto. Kumbe ndo kawaida yake, panga la mbele likizunguka linasukuma upepo unajisokota kama kamba mpaka unaenda kugonga mkia, af na injini nayo ina mkono wake humo humo, kwa hiyo rubani lazima akanyage kulia muda wote mpaka iinuke. Mi sijui hayo. Nikakata mkono kulia kama nakwepa bodaboda, wapi. Ikiwa chini ndege haikati kona kwa mkono, inakata kwa miguu. Basi miguu ikajiongeza yenyewe, na mguu wa dereva ukiona hatari unaenda kwenye klachi, klachi iko kushoto, nikaizamisha mpaka mwisho. Kilichofuata ni majani, fensi, maji. Mara ya pili maji. Mara ya tano nikaanza kuzoea, nikawa naangalia kama kuna sangara.

Na breki hazipo pale unapodhani. Pedeli zenyewe zinateleza, hii ikienda mbele mwenzake anarudi nyuma, breki ziko juu kwenye vidole, kila mguu na breki yake. Kwa hiyo kisigino kinatakiwa kikae chini kwenye sakafu, ukipandisha mguu juu kidogo tu unafunga tairi moja na ndege inacheza kiduku. Mi nilikuwa nimevaa kandambili. Ya kulia ikanasa chini ya pedeli nikatua kwa tairi moja na kandambili moja.

Ila tatizo kubwa lilikuwa kiti. Nikikanyaga kulia, kiti kinarudi nyuma. Nikikanyaga zaidi kinarudi zaidi, huku kinageuka taratibu, yaani ndege inaenda mbele rubani anaenda kabatini. Siku moja nimefika noti 55, ndo ile spidi ya kuinua pua, kama kilomita 100 kwa saa hivi, nikakuta naangalia ndoo ya maji na kioo cha kompyuta kiko nyuma ya mgongo.

Nikasema hapana. Nikashuka mwaloni nikanunua kamba ya nyavu, nikafunga mguu wa kiti na pedeli, fundo la wavuvi lile halifunguki hata kwa maombi. Ikabaki kamba kama mita moja inaning'inia, nikasema nitaikata kesho.

Jamani, mambo yakanyooka! Kiti hakiendi popote. Nikawa najiimbia kwa sauti ili miguu isikie, "kulia kulia kulia, legeza, kisigino chini, LEGEZA!" Ukuta wa chumba changu haufiki juu, kuna silingibodi tu, nikipiga chafya jirani ananiambia pole. Nikaruka vizuri, nikazunguka ziwani, nikarudi kutua, niko chini kabisa, nanyoosha pua kwa miguu, mara mlango ngo ngo ngo.

Nikaruka kusimama. Mguu ulikuwa umeshaingia kwenye ile kamba, kiti kikaja na mimi, pedeli zikaja na kiti, zikabeba waya wa ekstensheni, kioo kikawa giza, mi niko chini tailizini nimekumbatia kiti na mlango unafunguliwa maana sikuwa nimefunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakufunga?"

Nyuma yake wapangaji wawili, mmoja kashika mwiko.

Mama akaangalia kamba, akaangalia zile pedeli, sura ikabadilika. "Ndo maana nasikia kacha-kacha kila usiku. Umefungua ushonaji humu ndani na luku tunachangia?"

Sasa hapo fikiria na wewe. Ungemwambia ukweli? Kwamba mtu mzima, dereva wa abiria, anakula umeme wa nyumba nzima anarusha ndege ya kwenye kioo? Nikasema ndiyo mama, nimeanza kidogo kidogo.

"Na kichwa cha cherehani kiko wapi?"

"Kinakuja na basi wiki ijayo."

Akaguna. Akasema sawa, ila luku mwezi huu nitaongeza elfu tano, na wale wawili wakaitikia haraka sana. Kile fundo walikata kwa kisu cha samaki.

Ndege sasa hivi natua bila shida, kiti nimekitoa magurudumu na kamba nimetupa. Lakini juzi mama kaniletea kitenge, anataka gauni la sendoff ya mpwa wake. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikampelekea fundi wa Buzuruga, ufundi elfu kumi na tano kutoka mfukoni kwangu, mama kaambiwa elfu nane. Limempendeza. Jana jioni natoka kazini nimemkuta kakaa mlangoni kwangu na suruali nne za mzee.