Tairi Limebaki Nje

Najua video mmeshaiona. Yule bwana niliyesafiri naye kwenda harusini hakungoja hata nishushe begi, kaitupa kwenye kundi la harusi na maneno "Injinia wetu wa ndege." Sasa nisikilizeni mwenye mkasa, maana video yake inaanza nimeshasimama, haioneshi kilichonisimamisha.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyekwenda Mwanza kwa basi, kilomita zaidi ya 1,100, nikawaambia napenda kuona nchi. Nchi gani, wakati usiku kucha nilikoroma? Ndege naiogopa, basi. Lakini ndoa ilikuwa Unguja, alasiri, na boti nayo hainitaki. Kusi likivuma natapika Kigamboni bado naiona. Bwana akakata tiketi mbili za ndege. "Dakika 20 tu, kaka. Hata kusinzia huwahi."

Wiki nzima nikajitibu kwa YouTube. Nikajifunza kila mlio. Mtaalamu akasema ndege ikishanyanyuka utasikia kishindo chini ya miguu, usishtuke, ni magurudumu yanaingia ndani. Nikakariri: kishindo, magurudumu, salama.

Siku ikafika. Kwenye jengo la zamani pale Uwanja wa Julius Nyerere wakapima begi, sawa. Kisha dada akasema, "Na wewe panda, kaka." Kwenye mizani! Foleni yote inatazama! 104. (Unayecheka, taja zako kwanza.)

Ndege yenyewe ina pangaboi moja puani na viti vya kubanana kama Hiace. Rubani mmoja, kijana mdogo. Mimi nikawekwa nyuma yake kabisa, namhesabia nywele za kisogoni. Tukakimbia, tukanyanyuka. Nikaanza Ayatul Kursi, katikati nikajikuta nasoma dua ya kula.

Nikasubiri kishindo.

Hakuna.

Nikahesabu hadi 30. Nikahesabu tena. Injini inanguruma tu. Nikabandika shavu kwenye kioo, nikachungulia chini kwa nyuma, na nikaliona. Tairi. Lipo nje, jeusi, lina vumbi, linazunguka taratibu kama la baiskeli iliyopinduliwa, na chini yake bahari. Nikamgeukia mzungu wa pembeni. Anapiga picha mawingu, hana habari kwamba anakufa. Nikawaza mke wangu. Nikawaza deni la duka, nikapata nafuu kidogo.

Hapo ndipo nikafungua mkanda, nikainama mbele na kumgonga rubani begani. Ndiyo, rubani. Akiwa kazini.

"Kapteni! Tairi limebaki nje!"

Kavaa vile vya masikioni, hasikii. Nikaongeza sauti, tena nikamwonesha kwa mikono: tairi, ndani, halijaingia, mikono yangu inapanda na kushuka kama mpiga ngoma. Akainua upande mmoja wa sikio. "Nini?" Nikarudia. Ndege nzima sasa imeshanyamaza inanitazama, na huko nyuma simu ya yule bwana imeshanyanyuliwa.

Kabla rubani hajajibu, bibi mmoja mwenye buibui akanivuta shati.

"Haliingii hilo, mwanangu. Ndo lilivyo. Kaa kitako."

Nikakaa kitako. Akanifunga mkanda yeye mwenyewe, akanipa peremende. Baba wa watoto watatu.

(Nimeshasoma, msinifundishe. Ni Cessna Caravan, magurudumu yake hayakunjwi, kaumbwa hivyo. Yule mtaalamu alikuwa anazungumzia ndege za watu wakubwa.)

Tukatua salama. Ndoa ikafungwa. Bwana harusi aliponipa mkono akaninong'oneza, "Limeingia?" Wapishi wakaniita Kapteni. Bibi wa buibui nikamkuta ni shangazi wa bi harusi, kwa hiyo upande wa wanawake ulishahadithiwa na kuongezewa chumvi.

Kurudi nimerudi kwa ndege ileile. Sikusoma dua ya kula, sikumgusa mtu, tairi nimelitazama njia nzima nalo likanitazama. Tatizo lilikuwa mizani. Biriani siku mbili mfululizo: 107. Na hiyo nayo kaipiga picha.