Ukinunua kalamu ya mfukoni ya Kijapani, tazama nibu kwanza

Huniuma kuona mtu ametoa hela nyingi kununua Pilot Myu 701, kalamu ndogo ya wino ya kampuni ya Kijapani ya Pilot, kisha akaifungia kabatini pamoja na kasha lake. Simlaumu kwa kuipenda. Kalamu ile iliyotoka mwaka 1971 ni ufundi wa kusifiwa: nibu (ncha ya kuandikia) na shingo (sehemu unayoishika) ni kipande kimoja cha chuma cha pua, na hata ukipapasa kwa kidole huoni mahali pa kiungo. Lakini nibu hiyo ni ya chuma, na ikiharibika inaondoka na shingo nzima. Na bado mara nyingi huuzwa ghali kuliko Pilot Elite S, kalamu nyingine ya mfukoni yenye nibu ya dhahabu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea.

Kalamu hizi za wino zilishamiri Japani miaka ya 1960 na 1970, kampuni za Pilot, Sailor na Platinum zikigombea mfuko wa shati la mfanyakazi wa ofisini. Ikiwa imefungwa, kalamu ina urefu wa kama sentimita 12. Kifuniko ni kirefu na mwili ni mfupi, kwa hiyo ukikivua na kukichomeka nyuma unapata kalamu inayoujaza mkono wa mtu mzima. Elite S ilitoka 1968. Zama hizo kampuni zilishindana hata kwa karati, yaani kiwango cha usafi wa dhahabu ya nibu: 14, 18, mara nyingine 22. Karati zisikutie tamaa. Kinachogusa karatasi si dhahabu, ni kitone cha madini magumu kilichochomelewa kwenye ncha.

Kitone hicho ndicho cha kuulizia. Kalamu nyingi za aina hii hupatikana kwenye minada ya mtandaoni ya Japani, na wauzaji wengi si watu wa kalamu. Wanauza tu vitu vya zamani. Omba picha ya nibu iliyopigwa kutoka mbele, kwa karibu. Kama meno mawili ya nibu, pande mbili za ufa wake, hayako sawa, ongeza gharama ya fundi kwenye hesabu yako. Kama kitone kimelika upande mmoja, iache. Kisha uliza kuhusu kifuniko, kwa sababu kikilegea wino utaishia kwenye shati. Wino uliokauka ndani haunitishi hata kidogo. Iloweke kwenye maji ya kawaida usiku kucha, uyabadilishe hadi yatoke safi. Maji ya moto usiyatumie, plastiki ya zamani itapinda.

Katriji za Pilot za leo, vichupa vidogo vya wino vya kuchomeka ndani ya kalamu, huingia kwenye Elite nyingi za zamani, na za Platinum vivyo hivyo kwa kalamu zao. Sailor ndogo za zamani ndizo zenye matata, maana mwili wake mwembamba mara nyingi haupokei pampu za sasa za kuvuta wino kutoka chupani. Mimi hujaza katriji tupu kwa bomba la sindano. Katriji ya Pilot hubeba mililita 0.9, wakati pampu yao ya CON-40 hubeba takriban 0.4, na kwenye kalamu ndogo tofauti hiyo utaihisi kabla wiki haijaisha.

Wapo wanaosema ni heri kununua mpya. Pilot walitoa M90 mwaka 2008, yenye sura ya Myu, kuadhimisha miaka 90 ya kampuni, halafu wakaleta Elite 95S yenye nibu ya dhahabu ya karati 14. Hiyo 95S ni kalamu nzuri kweli, na asiyetaka kuhangaika na minada namshauri aichukue bila wasiwasi. Mimi bado nashika za zamani. Nibu zake zinainama kidogo chini ya mkono, na kwa kuwa zilitengenezewa watu wanaoandika kanji, herufi za Kijapani zenye mistari mingi mahali padogo, mstari wake mwembamba unakubali hata daftari la mistari iliyobanana.

Kwa anayeanza, ningemtafutia Elite S nyeusi, isiyo na kasha, yenye mikwaruzo kifunikoni na nibu nzima. Mikwaruzo hushusha bei na haigusi mwandiko. Ikifika, aioshe na aijaze wino siku hiyo hiyo.