Panya Ana Medali, Tomi Hataki Kuketi

Mimi ni mkazi wa Morogoro, na adha ya kufuga mbwa katika mji huu haijui mtu anayeishi kwingine. Hapa kwetu, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa hapa kisha akapelekwa kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza mwaka 2020. Kinachoniuma ni kwamba kabla yake medali hiyo walikuwa wakipewa mbwa. Panya ameichukua. Nami nyumbani kwangu Kihonda nina mbwa mzima wa viungo vyote, aliyekula ugali wangu kwa miaka miwili, ambaye kwake neno "keti" halikuwa na tofauti na mlio wa bodaboda inayopita.

Mpwa wangu, ambaye amewahi kuwaona panya hao wakifundishwa, aliniambia kuwa kosa ni langu kwa sababu nilikuwa nikimfundisha Tomi kwa kandambili. Panya hapigwi, alisema. Akipatia husikia mlio mfupi, "tik", kisha hupewa kipande cha ndizi. Mlio huo humjulisha ni tendo gani hasa lililomletea ndizi, maana malipo yakichelewa hata kwa sekunde chache, mnyama huwa ameshageuka, amejikuna au ameangalia kuku, na ataamini kuwa amelipwa kwa kuangalia kuku. Nilimsikiliza kwa kijicho. Mimi malipo yangu ya saa za ziada za mwezi Machi sijayaona hadi leo, na hata nikilipwa kesho sitakumbuka ni kazi gani niliyoifanya.

Kwa kuwa kidude cha kutoa mlio sikukipata sokoni, nilichukua kalamu ya kubonyeza. Kuhusu malipo, nilianza na dagaa wa Mwanza; Tomi aliwanusa, akanitazama kama abiria aliyerudishiwa chenji pungufu, akaenda zake kulala. Dagaa wa Kigoma aliwakubali bila mjadala, na tangu siku hiyo mke wangu huhesabu dagaa kabla ya kwenda kazini.

Kazi yenyewe, nakiri, haikuwa ngumu kama nilivyodhani. Unamwekea mbwa dagaa mbele ya pua, unampandisha taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, na pua inapomfuata juu makalio hushuka yenyewe. Hapo hapo unabonyeza na kulipa. Siku ya kwanza Tomi hakuketi bali alirudi kinyumenyume hadi akaangusha ndoo ya maji, ndipo nikajifunza kumfundishia kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo hakuna pa kurudi. Dakika tano zilitosha, kwani zaidi ya hapo alianza kupiga miayo, nami pia.

Kikwazo kikubwa kilikuwa Kiswahili. Watoto walimwambia "kaa" walipotaka aketi, wakamwambia "kaa" walipotaka asiondoke pale alipo, na mbwa wa watu akabaki amesimama, akitafakari. Ilibidi niitishe kikao cha familia, tukaazimia kuwa kuketi ni "keti", kubaki mahali ni "tulia", neno husemwa mara moja tu, na "njoo" lisitumike kamwe kumwitia kuogeshwa. Wiki ya pili akawa anaketi kwa neno tu, bila kuonyeshwa dagaa.

Kisha akagundua njia ya kujiongezea kipato. Kila nirudipo kazini hunirukia kifuani kwa miguu yenye tope, kwa sababu alishaona kwamba akiruka nitamwamuru aketi, na akiketi nitamlipa. Kwa hesabu zake, kuruka ni sehemu ya kazi. Mpwa wangu akasema dawa ni kumpa mgongo kimya kimya na kumlipa pale tu miguu yote minne ilipo chini kabla hajaruka. Dawa ilifanya kazi, baada ya mashati matatu.

Jumamosi iliyopita mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja kuandikisha wakazi. Nikamwambia kwa adabu, "Karibu mzee, keti." Tomi akaketi kwanza. Mzee akacheka, akavuta kiti, akatoa daftari, na akiwa anawaza jina la baba yangu linaandikwaje, akaanza kubonyeza kalamu yake. Tik. Tomi akasogea, akaketi miguuni pake, mate yakimdondoka kwenye viatu vya mzee. Tik, tik. Mkononi sikuwa na kitu, na mpwa wangu alishanionya kuwa kila mlio ni ahadi, hata ukibonyezwa kwa bahati mbaya, na kwamba mlio usiolipwa huwa kama hundi isiyo na fedha benki. Nisingeweza kumnyang'anya kiongozi kalamu. Alipofunga daftari nilikuwa nimehesabu mara kumi na saba. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikamkuta mke wangu amesimama mbele ya kabati la dagaa, mikono kiunoni.