Jiwe la figo: kulipiga mawimbi au kulifuata kwa leza?

Mtu akionyeshwa picha ya jiwe la milimita 9 kwenye figo yake, swali la kwanza huwa: nitapasuliwa? Hofu hiyo ni ya haki. Tatizo ni kwamba akisikia ipo njia isiyo na kisu hukubali papo hapo, bila kuuliza swali zito zaidi: jiwe litaisha, au nitarudi tena hapa?

Kwa mawe madogo sana na makubwa sana ubishi si mwingi. Jiwe la chini ya milimita 5 lililoshuka kwenye mrija wa kwenda kibofuni mara nyingi hutoka lenyewe. Mgonjwa husubiri wiki kadhaa akiwa na dawa ya maumivu na uangalizi wa daktari. Linalozidi sentimita 2 kwa kawaida hutolewa kupitia tundu dogo mgongoni, njia iliyoanza Uswidi mwaka 1976. Husafisha vizuri, ila huja na hatari kubwa zaidi ya kutoka damu, na mgonjwa hulazwa. Mawe ya asidi ya yuriki yana bahati yake: yanaweza kuyeyushwa kwa dawa kama potasiamu sitreti.

Ubishi uko katikati. Mawimbi ya mshtuko, yanayopigwa kutoka nje ya mwili ili kulipasua jiwe, yalitumika kwa binadamu mara ya kwanza Februari 1980 mjini Munich, na mvuto wake uko wazi: hakuna kifaa kinachoingia kwenye figo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini kulipasua jiwe si kulitoa. Vipande hubaki ndani, na ni mgonjwa mwenyewe atakayevitoa, kwa siku au wiki, akikojolea kwenye chujio ili avikamate vikapimwe, mara mkojo una damu, mara maumivu yanarudi kwa sababu kipande kimekwama. Jiwe gumu, kama la sistini, hustahimili mapigo. Na lililokaa chini kabisa ya figo linaweza kuvunjika vizuri tu, vipande vikabaki palepale, maana vinapaswa kupanda kwanza ndipo vipate njia. Mjamzito hafanyiwi kabisa.

Kwa leza, kamera nyembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo bila chale yoyote hadi kwenye jiwe. Leza hulisaga likawa vumbi, au hulivunja vipande vikavutwa kwa kikapu kidogo cha waya. Uwezekano wa kumaliza kazi kwa mara moja ni mkubwa zaidi. Hapa mgonjwa hulipia kwa nusu kaputi, hatari ya maambukizi na, mara nyingi, stenti.

Stenti hii haielezwi vya kutosha. Ni mrija laini uliojikunja ncha zote mbili, moja ndani ya figo, nyingine kibofuni. Wengi hubanwa na mkojo kila mara, na wakikojoa maumivu hupanda ubavuni kwa sababu mkojo unarudi nyuma kuelekea kwenye figo. Huondolewa baada ya siku au wiki chache. Ikisahaulika miezi mingi, yenyewe huota mawe. Mgonjwa anastahili kuyajua haya kabla ya kutia saini.

Kwa maoni yangu, jiwe lisilo gumu la sentimita 1, likiwa sehemu ya juu ya figo ya mtu anayeweza kurudi kliniki, mawimbi yanatosha. Likiwa gumu, limejificha chini, au mgonjwa hawezi kuacha dawa za kuzuia damu kuganda, ningechagua leza bila kusita. Siti skani huonyesha ukubwa, mahali lilipo na makadirio ya ugumu wake, kwa hiyo daktari aombwe kuyataja yote matatu.

Kuna hali moja inayofuta mjadala huu wote: jiwe limeziba na mgonjwa ana homa na kutetemeka. Hiyo ni dharura. Siku hiyo halisagwi wala halipigwi mawimbi. Figo hufunguliwa njia ya mkojo kwa stenti au kwa mrija wa kupitia mgongoni, antibiotiki zinaanzishwa, na jiwe linasubiri hadi maambukizi yatulie.