Mwenzenu natembea na pini

Ile ile ya kubania mtandio. Nikifika kituoni Kimara asubuhi naishika mkononi kabisa, na najua wadada wengi tu wanaopanda mabasi ya mwendokasi hapa Dar wanafanya hivyo sema hatuambiani. Juzi kati hapa tumefika Ubungo gari limejaa hadi mlangoni na bado watu wanaingia, mi nimeshika bomba mkono mmoja, mkoba nimeubana kifuani, nasikia mtu ananisukuma nyuma nikasema labda breki. Tukafika Magomeni gari limesimama kabisa na yeye bado anasukuma. Nikachoma. Karuka huyo, "we dada vipi!", gari zima likanigeukia mimi, na mzee mmoja akasema kama hutaki kuguswa si upande teksi.

Aliyenikera zaidi ni huyo mzee. Yani kwake mtu kunipapasa ipo ndani ya nauli.

Mwendokasi ulivyoanza 2016 nilifurahi jamani, maana nilichoka na daladala, wapiga debe wa kukuvuta mkono na konda anayekushika kiuno eti anakupandisha. Hayo kweli humo hayapo. Ila pia konda hayupo, tiketi unakata kituoni, dereva yuko mbele huko, sasa likikukuta jambo katikati ya basi unamwambia nani? Konda hata awe mhuni utamfokea, na akiamua atamshusha mtu. Sheria tunayo, ya makosa ya kujamiiana ya 1998, sawa, lakini nishuke Magomeni, nichelewe kazini, nikatafute polisi, na shahidi wangu awe nani, yule mzee?

Kuna wanaosema tuwekewe mabasi ya wanawake watupu, mbona treni za Cairo zina mabehewa ya wanawake. Sikatai, ila mi naona yaongezwe mabasi kwanza saa za asubuhi na jioni, maana hawa watu wanajificha kwenye msongamano, gari likiwa na nafasi atakusukuma kwa kisingizio gani? Na taa vituoni, mama anayewahi nyanya sokoni saa kumi alfajiri anasimama gizani peke yake na kapu lake.

Halafu kuna hili la wanafunzi, hapa ndo naumia. Jioni daladala inakuja, konda kaziba mlango kwa mkono, "denti wawili tu!", wengine wanabaki. Inapita ya pili, ya nne, giza linaingia, binti wa kidato cha pili bado yupo pale na begi lake, anatokea bodaboda, "twende nikusogeze, hulipi." Leo lifti, kesho lifti, baadae mtoto ana mimba tunakaa vibarazani kusema tamaa ya chipsi. Chipsi gani, mtoto alitaka kufika nyumbani!

Na konda naye simlaumu sana, ana hesabu ya bosi jioni, denti analipa 200 na anakaa kwenye nafasi ya mtu mzima anayelipa zaidi ya mara mbili yake. Serikali imfidie mwenye gari hiyo tofauti, kwa kila denti aliyembeba. Uone kama konda huyo huyo hajaanza kupiga debe, "denti njooni, denti siti zipo!"