Kabla ya Kuiita Sayari, Ijue Nyota Yake

Setilaiti ya TESS, iliyorushwa na NASA mwaka 2018, imeshaorodhesha vitu zaidi ya 7,000 vinavyodhaniwa kuwa sayari za nyota nyingine. Vingi havijathibitishwa. Dalili ni kwamba mwanga wa nyota hufifia kidogo kitu kinapopita mbele yake, kisha hurudi. Data yenyewe ni ya bure, na mwanafunzi wa fizikia aliyeko Maseno au Egerton anaweza kuipakua na kuichuja. Aanzie wapi?

Wapo wanaosema aanze na mfifio. Grafu ikichongoka kama herufi V, huenda ni nyota mbili zinazofunikana. Tena pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii), hivyo nyota kadhaa huangukia humo pamoja. Ukiainisha nyota isiyohusika, umetwanga maji kwenye kinu. Hoja hiyo siipingi.

Hata hivyo, ningeanza na nyota. Tuseme mwanga umepungua kwa asilimia 1. Kama nyota ni sawa na Jua, kilichopita kina ukubwa wa Mshtarii. Kama ni nyota ndogo iitwayo kibete chekundu, yenye kipenyo cha moja ya tano ya Jua, ni sayari yenye kipenyo cha takriban mara mbili ya Dunia. Kama ni nyota kubwa iitwayo jitu, yenye kipenyo mara 10 ya Jua, basi kilichopita kinalingana na Jua lenyewe, na hapo habari ya sayari imekwisha. Grafu haikuambii ni lipi kati ya hayo.

Rangi nayo hudanganya: jitu na kibete vya aina ya K (nyota zenye joto la chini kidogo kuliko Jua) vyote huonekana vya rangi ya machungwa, na vumbi la angani huizidishia nyota wekundu. Spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake, hutatua mengi, ila inataka darubini kubwa, na huku kwetu mawingu ya ziwani hayaulizi ratiba ya mtu. Kuipigia kila nyota spektra haiwezekani.

Ndiyo maana Gaia, darubini ya angani ya Ulaya iliyopima mahali na umbali wa nyota, inatosha kwa mchujo wa kwanza. Vipimo vyake vya umbali huonyesha mng'ao halisi wa nyota, na majitu huondolewa mezani mapema. Spektra ibaki kwa nyota chache zilizosalia, hasa zile ambazo katika katalogi ya Gaia kipimo cha RUWE, kinachoonyesha kama mwendo wa nyota unalingana na wa nyota iliyo peke yake, kimepita 1.4. Hizo huenda zina nyota mwenza, na mwanga wa mwenza huyo huifanya sayari ionekane ndogo kuliko ilivyo.